Kukanda na Kukandamiza

Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii aghalabu hutumiwa kumnyamazisha anayejidai kuyajua mateso ya mwenzake, lakini ndani yake mna jambo zito kuliko kumnyamazisha msemaji. Inadai kwamba maumivu ni nyumba yenye mlango mmoja, na ufunguo anao mwenye nyumba peke yake. Mtu akisema kwamba bega lake linawaka moto, msikilizaji hana koleo la kuushika moto huo. Anaweza kuamini, anaweza kutilia shaka, anaweza kusikitika, kuuhisi hawezi. Elaine Scarry, mwandishi wa Kimarekani aliyechapisha kitabu juu ya mwili na maumivu mwaka 1985, alilieleza jambo hili waziwazi: kwa mwenye maumivu hakuna lililo yakini zaidi ya maumivu yake, na kwa anayesimuliwa hakuna lililo jepesi zaidi kutiliwa shaka.

Hata hivyo wapo watu ambao kazi yao ni kubisha hodi katika nyumba hiyo. Mkandaji hujipaka mafuta viganjani, huyapasha moto kwa kusugua mkono kwa mkono, kisha huuweka mkono juu ya bega linalosemwa kwamba linawaka. Moto hakuuona, ila ameanza kuutafuta. Anabonyeza na kuuliza: “Hapa?” Anasogea kidogo, anabonyeza tena, na kabla hajauliza mwili umekwisha kujibu kwa kushtuka. Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna ambaye kitabu chake kikuu cha mwisho kilitoka mwaka 1953, miaka 2 baada ya kufa kwake, aliona kwamba neno “maumivu” halichoti maana yake katika kitu kilichofichwa kifuani mwa mtu mmoja, bali katika maisha ya pamoja ya watu wanaougua na kuuguzana. Akaongeza uchunguzi mdogo wenye uzito mkubwa: mkono wa mtu unapouma, haliwazwi mkono, huliwazwa mtu, na mwenye kuliwaza humtazama usoni. Kila mkandaji hodari hulijua hili bila ya kufundishwa na mwanafalsafa. Mikono yake iko mgongoni, lakini sikio lake liko kwenye pumzi ya aliyelala.

Kiswahili kimeipa kazi hii maneno mengi, na kila neno lina mahali pake. Mguu uliotenguka huchuliwa. Bibi harusi husingwa kwa liwa na manukato mpaka ngozi ing'are. Mgongo uliokakamaa hukandwa. Siku hizi limeingia na neno masaji, ambalo mjini limeenea kuliko yote. Lakini neno kukanda ndilo lenye siri kubwa zaidi, kwa sababu halikuanza katika mwili wa mtu wala halikomei hapo. Unga hukandwa, udongo wa mfinyanzi hukandwa, na mtu naye hukandwa. Mpishi wa chapati na mfinyanzi wa vyungu wanatumia viganja vilevile, uzito uleule wa bega, na subira ileile ya kungoja kitu kigumu kilegee. Tofauti ni moja tu. Donge la unga halisemi “basi”.

Karibu na kukanda limekaa neno jingine: kukandamiza. Wanaisimu na wabishane kuhusu namna hasa maneno haya yalivyozaana; sikio la msemaji limekwisha kuyasikia kuwa ni ndugu. Kukandamiza ni kubana kwa uzito mpaka kinachobanwa kisiweze kuinuka, na kwa maana hiyo neno limekwenda likawa la siasa na la haki: mkubwa humkandamiza mdogo, dola humkandamiza raia. Viganja ni vile vile na uzito ni ule ule. Swali basi ni hili: mkono unaokanda huvuka mpaka wapi ukawa mkono unaokandamiza? Kwa haraka mtu atajibu kwamba mpaka ni nguvu, na kwamba anayebonyeza kwa upole anakanda, ilhali anayebonyeza kwa nguvu anakandamiza. Jibu hilo halisimami. Kuna mgongo wa mchukuzi ambao hauhisi kitu mpaka kiwiko kizame, na mwenyewe hushukuru. Na kuna kiganja laini kama pamba kilichowekwa pale kisipotakiwa, nacho ni dhuluma tupu.

Kabla ya kulifuata swali hilo ni vyema kusema mkono unafanya nini hasa, maana maadili yaliyojengwa juu ya uongo hayadumu. Ibn Sina, katika Qanun yake aliyoimaliza yapata mwaka 1025, aliupa ukandaji mlango wake na kuugawa: ulio mgumu hukaza mwili, ulio laini huulegeza, ulio mwingi huukondesha, na ulio wa wastani huunawirisha. Mgawanyo huo ulikuwa na mizizi kwa Wayunani wa kale, na waganga wengi wa mwambao waliosoma tiba ya Kiyunani waliurithi. Elimu ya leo inasema kwa lugha nyingine. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mithili ya lango: habari za mguso na msukumo zikipita kwa wingi, habari za maumivu hupunguziwa njia. Ndiyo maana mtoto aliyejigonga hushika palepale na kusugua, wala hakuna aliyemfunza. Baadaye watafiti wa Sweden wakaonyesha kwamba ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za fahamu zinazoitika zaidi kwa mpapaso wa polepole, baina ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa mama anayembembeleza mwanawe. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021 walipewa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kuvumbua vipokezi vya mwili vinavyotambua joto na mguso.

Kwa upande wa pili, elimu hiyohiyo imepunguza majigambo. Yale madai kwamba ukandaji hukamua asidi iliyobaki katika misuli baada ya kazi ngumu hayana nguvu, kwani asidi hiyo huondoka yenyewe muda mfupi baada ya mtu kupumzika. Maumivu ya kesho yake hutokana na majeraha madogo ya nyuzi za misuli. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 25 kuhusu ukandaji kwa wenye maumivu ya kiuno, yaliona nafuu ya muda mfupi, na yakakiri kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu. Basi mkono hutuliza, na utulivu huo ni wa kweli, ila si wa milele. Aliyekandwa leo yamkini atakandwa tena wiki ijayo. Hili si aibu ya ukandaji. Uji nao hushibisha kwa muda, wala hakuna aliyeuacha kwa sababu hiyo.

Ama swali la mpaka, lipo mahali ambapo historia iliweka karibu karibu, katika muda wa miezi michache, mikono ya aina mbalimbali juu ya miili ya watu, na mtu akiitazama mikono hiyo ataona mpaka ulipo. Mahali penyewe ni Bweranyange, makao ya kale ya wafalme wa Karagwe, katika vilima vya magharibi ya Ziwa Viktoria. Kwa msomaji wa visiwani Bweranyange huenda ikaonekana mbali, lakini njia ya kufika huko ilianzia Unguja. Kafuro, jirani na Bweranyange, kilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani, na misafara iliyoondoka mwambao ilipanda mpaka huko kwa mabega ya wapagazi. Mpagazi mmoja alichukua karibu frasila 2, yaani kilo 30 hivi, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Mengi yameandikwa kuhusu pembe, shanga na nguo zilizokuwa ndani ya mizigo ile. Kuhusu shingo zilizoibeba yameandikwa machache mno.

Msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant uliondoka Unguja mwezi wa Septemba mwaka 1860, Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwa viongozi wake, na ukafika kwa Omukama Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao wote wawili waliuandika. Chini ya kilima palikuwa na ziwa dogo ambalo Speke, kwa ada ya wasafiri wa zama zake, alilibandika jina la ziwa la kwao, Windermere. Hapo ndipo mikono ile ilipoonekana.

Mkono wa kwanza ni wa Speke mwenyewe. Katika nyumba ya kifalme ya Karagwe unene wa wake ulikuwa heshima, na ulipatikana kwa kunywa maziwa kwa wingi tangu usichana. Speke alitaka kuupima unene huo. Alimwendea mke wa kaka mkubwa wa Omukama, mama ambaye uzito ulimzuia hata kusimama, akamwomba ruhusa ya kumpima, na ili ampate akaahidi kumwonyesha miguu na mikono yake mwenyewe mitupu. Mama akakubali. Speke akazungusha kipimo mkononi, kifuani, pajani na mguuni, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaziandika hesabu zote: mzunguko wa mkono peke yake ulikuwa karibu sentimita 58. Mkono wa pili ulikuwa palepale. Binti wa mama huyo, msichana wa miaka 16, alikuwa ameketi akinywa maziwa, na baba yake amekaa na fimbo mkononi ili asiache kunywa.

Mkono wa tatu ulikuja baada ya Speke kuondoka. Mguu wa Grant ulivimba juu ya goti, ukakakamaa, ukamzuia kutembea. Na Speke alipoelekea Buganda mwezi wa Januari mwaka 1862, alimwacha mwenzake mikononi mwa Rumanyika. Dawa nyingi zilijaribiwa. Uliandaliwa mgando wa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, ukabandikwa ungali moto. Haukuleta zaidi ya kuubana mguu. Ndipo Nnanaji, ndugu wa Omukama aliyekuwa na sifa ya uganga, alipompeleka Mnyambo mmoja wa kawaida pamoja na mkewe. Grant alikumbuka jambo moja kabla ya yote: wepesi wa mkono wa mtu yule alipokuwa akiuchunguza mguu. Baada ya kuuchunguza ndipo alipochanja ngozi, akawatoa nje wote waliokuja kutazama, na mkewe akafungua jani la mgomba lililokuwa na dawa nyeusi, wakaipaka kwenye chale. Dawa iliwasha. Mguu haukupona siku ile wala mwezi ule. Mwezi wa Aprili Grant aliondoka Karagwe akiwa amebebwa. Lakini mkono ule, miaka 2 baadaye, aliuweka katika kitabu chake cha mwaka 1864.

Mama aliyepimwa na mganga aliyechunguza hawakutajwa majina. Katika hadithi hizi mbili, hata hivyo, mna mambo ambayo vitabu vingi vya maadili havikuyapanga vizuri hivyo.

Jambo la kwanza ni kwamba ruhusa peke yake haitoshi. Mama wa nyumba ya kifalme aliulizwa, naye akakubali. Hakuna aliyemshika kwa nguvu. Lakini mkono uliomgusa haukwenda kwake kwa ajili yake. Ulikwenda kuchukua, na ulichochukua kilisafiri hadi London, kikachapwa, kikasomwa na watu ambao yeye hatawaona, wala hakuambiwa kwamba watamwona. Mkono wa aina hii haukumwumiza mahali popote, nao haukumpa nafuu yoyote. Ulimgeuza kuwa hesabu. Mganga wa Kinyambo naye alichanja, akawasha, akaumiza. Lakini kila alichofanya kilikuwa kwa ajili ya mguu uliokuwa mbele yake, na kabla ya dawa kupakwa aliwatoa nje watazamaji. Alijua kwamba mwili wa mgonjwa si tamasha.

Jambo la pili ni kwamba nia njema nayo peke yake haitoshi. Yule baba mwenye fimbo hakumchukia bintiye. Kwa desturi ya nyumba ile alikuwa akimjengea heshima, ndoa na cheo. Mkono wake ulikuwa kwa ajili ya binti, lakini haukuwa na sikio. Binti alipotaka kuacha kunywa, hapakuwa na neno ambalo angelisema fimbo ikateremka.

Basi mpaka baina ya kukanda na kukandamiza hauko katika nguvu, wala katika ruhusa pekee, wala katika nia pekee. Mkono unaokanda umeruhusiwa, unatafuta nafuu ya yule unayemgusa, na unaweza kusimamishwa naye wakati wowote. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linaloyalinda mengine. Ruhusa iliyotolewa saa moja iliyopita ilitolewa na mtu ambaye alikuwa bado hajaujua uzito wa kiwiko. Nia njema ni ya mkandaji, nayo imefichika kifuani mwake kama maumivu yalivyofichika mgongoni mwa mwenzake. Neno “basi” peke yake ndilo liko wazi kwa wote wawili, na linapotamkwa mkono huthibitisha ni mkono wa namna gani.

Mwenye kuijua pwani atapinga, tena kwa methali: mgonjwa haulizwi uji. Mtu anayeumwa, atasema, hajui linalomfaa. Ukimsikiliza hatakula, hatakunywa dawa, wala hatakandwa. Mfano wake hauko mbali. Mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja, na siku arubaini zake husimamiwa na mama, shangazi na wakunga waliokwisha kuyapitia. Akilia kwamba maji yamemchoma huambiwa avumilie, kwa kuwa wote waliomtangulia walivumilia. Mikono hiyo ina upendo ambao hauuzwi dukani. Wengi waliokandwa hivyo hukumbuka siku zile kama siku pekee katika maisha yao walipohudumiwa wao badala ya kuhudumu. Nani atathubutu kuiita mikono hiyo mikandamizo?

Pingamizi hili ni zito na halistahili kupuuzwa. Lakini methali ikitazamwa kwa makini inajijibu. Mgonjwa haulizwi uji kwa sababu uji una mlango wake wa kukataliwa, nao ni mdomo. Asiyetaka hufumba. Mgongo hauna midomo. Aliyelala kifudifudi, nguo imeteremshwa, hana cha kufumba. Hana ulinzi ila neno lake, na neno lake halina nguvu ila ile anayopewa na mwenye kulisikia. Kwa hiyo palipo na uji mtu anaweza kuacha kuuliza, lakini palipo na mkono kuuliza ndiyo haki yenyewe. Ama mzazi na maji ya moto, upendo wa waliomzunguka hauondoi uwezekano wa ngozi yake kuungua. Wote waliomtangulia walivumilia, ni kweli, lakini walivumilia kwa ngozi zao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na methali hiyo inamhusu hata shangazi. Mkunga mwenye hekima hutia kwanza mkono wake mwenyewe ndani ya maji, kisha humwangalia mzazi usoni. Desturi haipungui kitu kwa hilo.

Lipo pingamizi la pili, nalo linatoka kwa mafundi wenyewe. Mganga anayerudisha kiungo kilichotenguka hawezi kusimama katikati kwa sababu mgonjwa amepiga ukelele. Akisimama, maumivu yatakuwa yamepatikana na faida itakuwa imepotea. Mkandaji naye atasema kwamba msuli uliokaza hauachii ila kwa kubonyezwa pale panapouma hasa. Hayo ni kweli. Lakini yanayofuata si kwamba fundi asisikilize. Yanayofuata ni kwamba asikilize mapema. Amweleze mgonjwa litakalotokea, litaumaje na kwa muda gani, kisha angoje neno. Ruhusa hiyo hubeba ndani yake ule ukelele wa dakika moja, kwa sababu mgonjwa aliuona ukija. Na wenye uzoefu husema jambo ambalo kwa juu juu linaonekana kinyume: mtu anayejua kwamba mkono utasimama akisema “basi” huweza kuvumilia mbonyezo mzito zaidi kuliko asiyejua. Mwili usio na hakika hukaza ili ujilinde, na msuli unaojilinda haukandiki. Uaminifu si pambo la tiba hii. Ni sehemu ya utendaji wake.

Mpaka huo una upande wa pili ambao husahauliwa hata na wapole. Mkandaji naye ana mwili. Katika hoteli za ufukweni Unguja, kama katika miji mingi ya dunia, mkono wa kukanda umekuwa bidhaa yenye bei na saa. Kuuza kazi ya mikono si dhambi. Mfinyanzi huuza chungu, mshonaji huuza kanzu, na mkandaji aliyekesha akijifunza anastahili ujira wake bila ya kuona haya. Ila kinachouzwa ni kazi, na mteja anayedhani kwamba amenunua pia mikono, tabasamu na mtu aliye nyuma yake amevuka mpaka uleule kutoka ng'ambo ya pili. Haki ya kusema “basi” ni ya wote wawili. Kazi hii huchosha vidole gumba, viwiko na kiuno. Anayeondoa maumivu ya watu 6 kwa siku huenda nyumbani na maumivu yake mwenyewe, na pengine huko hakuna wa kumkanda. Jamii inayomheshimu daktari kwa sababu anagusa kwa chombo, na kumdharau mkandaji kwa sababu anagusa kwa mkono mtupu, imeyapima mambo vibaya.

Linabaki suala la ujuzi, nalo pia ni la maadili. Kiswahili hutumia neno mshipa kwa njia ya damu, kwa neva, na hata kwa kano, na chini ya mwavuli huo mpana mkandaji anaweza kusema lolote: mshipa umehama, mshipa umejifunga, mshipa umelala. Mgonjwa, ambaye hana jicho mgongoni, huamini. Huku nako ni kubonyeza, ila kunabonyezwa kwa ulimi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya Tanzania, Na. 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza la kuwasajili waganga na kusimamia mwenendo wao, na hilo ni jema; lakini hakuna baraza linaloweza kuketi katika kila chumba ambamo mtu mmoja amelala na mwingine amesimama juu yake. Humo chumbani sheria pekee iliyobaki ni ukweli wa mwenye mkono.

Na ukweli mgumu kuliko wote ni kukiri kwamba maumivu haya si ya mkono. Ndama ya mguu iliyovimba upande mmoja, ina joto na inauma, huenda ina damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ikikandwa, donge laweza kukatika likaenda mapafuni na kuua. Homa, jipu, mfupa uliovunjika, ganzi inayoenea miguuni, kiuno kinachouma pamoja na mkojo kutozuilika: yote haya ni ya hospitali kabla ya kuwa ya mafuta na viganja. Mguu wa Grant wenyewe ni ushahidi. Baadhi ya matabibu waliosoma maelezo yake baadaye wamedhani kwamba ulikuwa na kidonda cha Buruli, ugonjwa unaoletwa na bakteria na uliopewa jina la eneo moja la Uganda. Leo hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, ambazo mwaka 1862 hazikuwapo popote duniani, Bweranyange wala London. Ikiwa ndivyo, hakuna mkono ambao ungeuponya. Mganga wa Kinyambo hakuweza kulijua hilo. Aliloweza alilifanya: alichunguza kwanza, kwa wepesi, kabla ya kutenda. Mkandaji wa leo ana zaidi ya alichokuwa nacho yule, hivyo anadaiwa zaidi. Anadaiwa kujua ni lini aondoe mkono na aseme, “Nenda ukapimwe.”

Bweranyange ya leo si makao ya mfalme. Iko katika Wilaya ya Karagwe, ambayo mwaka 2012 ilimegwa ikazaa Wilaya ya Kyerwa, na watu wake wengi ni wakulima wa migomba na mibuni. Mkungu wa ndizi huchukuliwa kichwani au begani kama mizigo ya misafara ilivyochukuliwa, na jembe la mkono halijabadili masharti yake: linataka mgongo uliopinda. Migongo hiyo haina daktari wa misuli karibu, wala haina pesa ya hoteli za ufukweni. Ina mke, ina mume, ina mtoto aliyekwisha kuwa na nguvu za mikono. Huko ndiko ukandaji mwingi wa dunia unakofanyika, jioni, bila ya malipo na bila ya jina la taaluma, na huko ndiko watu wengi hujifunza kwa mara ya kwanza ama kwamba mwili wao husikilizwa, ama kwamba hausikilizwi.

Mtoto anayeukanda mgongo wa mama yake hajui neva wala lango la uti wa mgongo. Hajui kama mama anaumwa kiasi gani, wala hatajua, kwa kuwa nyumba ile ufunguo wake ni mmoja. Lakini akiwa amelelewa vyema, ataweka kidole gumba kando ya uti wa mgongo, atabonyeza kidogo, na kabla ya kuongeza uzito atauliza neno moja ambalo ndani yake mna kukiri kwamba hajui, mna ahadi ya kusogea akiambiwa, na mna heshima yote ambayo mwili wa mtu unaweza kumdai mtu mwingine: “Hapa?”